Rangi ya kahawia ikipanda ukutani, uliza maji yalifika wapi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja. Kazi hii nimeianza Tabata, Dar es Salaam, mwaka 2006, na ofisi yangu mpaka leo ni benchi chini ya mwarobaini, jirani na mama anayekaanga mihogo. Najua watu hawatupendi. Wanasema tunaweka cha juu, na ni kweli tunaweka. Ila leo siandiki kuhusu cha juu, naandika kuhusu rangi.

Nyumba nyingi za kwetu ndani zinapakwa rangi mbili. Chini inakwenda rangi ya mafuta, kahawia au kijivu, mpaka usawa wa kiuno. Juu inakwenda rangi ya maji, krimu au nyeupe. Chini ni kwa ajili ya watoto na mikono yao, kwa sababu rangi ya mafuta uchafu wake unafutika kwa kitambaa. Sasa teremka kuelekea bonde la Mto Msimbazi, kuanzia Kinyerezi, Segerea, Vingunguti, mpaka Kigogo. Utaingia sebule moja ukute kahawia imepanda mpaka kifuani, na hakuna mtoto wa kufika huko. Hapo kahawia imefuata alama ya maji.

Mimi hilo nalijua, na madalali wenzangu wanalijua. Mnunuzi anayetoka Mbagala au mkoani na fedha zake za mkopo halijui, na hatumwambii.

Agosti 2018 niliuza nyumba ya aina hiyo. Agosti ndiyo mwezi wetu. Mto unabaki kijito, mtu anavuka kwa kukanyaga mawe, vumbi limejaa mpaka kwenye kope. Ukimtajia mteja mafuriko atadhani unamtania. Mteja wangu alikuwa muuguzi, mama wa watoto wawili, aliyekuwa amepanga Buguruni miaka tisa. Mwenye nyumba alitaka Sh58 milioni, mimi nikataja 62. Dada yule alizunguka vyumba vyote, akafungua bomba, akagonga milango kusikiliza mbao. Kisha akaniuliza swali moja:

“Kaka, huku maji hayafiki?”

Nikanyoosha mkono kwenye matete kule chini. “Dada, mto ule kule.”

Sikusema uongo. Mto ulikuwa kule kweli. Ila Aprili ya mwaka uleule maji yalitoka kule yakaja kukaa sebuleni siku mbili, na mwenye nyumba alipaka rangi Juni. Alipaka ile kahawia mpaka kifuani, ikapendeza sana.

Halafu nikaongeza neno la kummaliza: “Na angalia, haina X.” Wasomaji wa Dar es Salaam wanakumbuka X ile. Desemba 2015 serikali ilianza bomoabomoa bonde la Msimbazi, na nyumba zilizokuwa zinasubiri tingatinga zikachorwa X nyekundu ukutani. Tangu hapo sisi madalali tukapata msemo wa biashara. Nyumba isiyo na X tukaitangaza kama nyumba salama, wakati maana ya kukosa X ilikuwa moja tu: ipo nje ya zile mita 60 kutoka mtoni ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga. Maji hayabebi futi kamba. Mimi mwenyewe niliwahi kupima kutoka ukuta wa nyumba ile mpaka ukingo nikapata hatua 80. Nikipima leo sizipati, maana mto umekula. Mvua kubwa ikipita, kipande cha ukingo kinaondoka na migomba yake, na mita 60 inabidi uzihesabu upya kutoka mahali pengine.

Hilo watu wengi hawalielewi, na wauzaji wanalitumia. Mzee atakwambia, “Mwaka wa Elinino, 1998, hapa palikuwa pakavu, tulilala na milango wazi.” Anasema kweli. Lakini mwaka ule juu kule Pugu na Kinyerezi kulikuwa mashamba na mikorosho, mvua inanyesha ardhi inakunywa. Sasa ni mabati na zege, kila tone linateremka mbio. Mto wenyewe umejaa mchanga, chupa na viroba vya taka, kina kimepungua. Juu ya hapo jirani anapandisha msingi wake kwa kifusi malori kumi, maji yaliyokuwa yanapita kwake yanahamia kwako. Nyumba inaweza kukaa miaka 30 bila tone halafu ikaingia maji mara tatu ndani ya miaka kumi, na wala haijasogea hata inchi.

Nirudi kwa muuguzi. Oktoba 13, 2020, mvua ikashuka asubuhi ile ambayo daladala zilisimama Jangwani na watu wakatembea kwa miguu. Alinipigia simu saa tano. Hakunitukana. Alisema tu, “Kaka, njoo uone.” Nilikuta friji limeelea, limelala juu ya kochi. Karo la choo lilikuwa limefumuka, na yale ya karo ndiyo yaliyokuwa yanatembea chumbani kwa watoto. Milango ilikuwa imevimba haifungi, na ukuta wa uzio wa nyuma umelala chini wote kama mkeka.

Alikuwa na tumaini moja, bima. Nyumba aliinunua kwa mkopo wa benki wa Sh35 milioni, iliyobaki akaweka akiba yake, na benki ilikuwa inamkata bima kila mwaka. Sh70,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 82,600. Miaka miwili amelipa. Akaniomba nimsindikize kwenye ofisi za kampuni hiyo mjini, na kwa yale niliyoyafanya nisingeweza kukataa.

Kijana wa madai alikuwa na adabu, nimpe haki yake. Alituletea hati ya bima. Dada hakuwahi kuiona, kwa kuwa nakala ilikaa benki. Ilikuwa kurasa nyingi za Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Kijana akaweka kidole: moto, radi, mlipuko. Akasema, “Mama, hii ni bima ya moto. Mafuriko ni kipengele cha kuongeza, kina malipo yake. Benki haikukiomba.”

Akaendelea kutufundisha na mengine, sijui kwa wema au kwa kutukatisha tamaa. Alisema hata kama mafuriko yangekuwemo, dada asingelipwa hasara yote. Kiwanja hakikatiwi bima, jengo ndilo linalokatiwa, na jengo lile mthamini alilitia Sh50 milioni. Benki iliandikisha 35, yaani deni lake tu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na bima ya asilimia 70 ya thamani yake, na hasara ya milioni 10 ingelipwa milioni 7. Zile tatu angezibeba mwenyewe, kwa sababu kwenye hesabu za bima asiyekatia thamani yote anahesabiwa kuwa amejikatia mwenyewe sehemu iliyobaki. Mhariri, nimeuza nyumba miaka yote hii sikuwahi kusikia jambo hilo. Nadhani na wanaokatwa kila mwaka hawajalisikia.

Dada akauliza, basi hicho kipengele naweza kukiongeza sasa? Kijana akachukua fomu. Swali lilikuwa mahali pa juu tu: nyumba hii imewahi kuingia maji kabla ya tukio hili? Akaeleza kwamba bima ni mkataba wa kuaminiana, na ukificha jambo la maana, siku ya kudai wanakunyima kihalali. Dada akajibu kwa haraka, “Hapana, haijawahi.” Halafu akasita. Akanigeukia taratibu.

Ukutani kulikuwa na kalenda ya kampuni yenye picha ya twiga. Nilimwangalia yule twiga mpaka swali likapita.

Kampuni walituma mtu kupiga picha, kisha wakajibu kwamba mafuriko hawaongezi kwa nyumba ile. Siwalaumu sana. Bima ni biashara ya kitu kinachoweza kutokea na kinachoweza kisitokee, na bondeni swali lililobaki ni masika gani. Ila tazama jinsi mambo yalivyopangika. Wakati hakuna aliyejua, nyumba ilipata mkopo, ilipata bima, ilipata bei ya milioni 62. Siku ilipojulikana, vyote vitatu viliondoka pamoja. Mnunuzi wa kwanza aliyeitaka baadaye alikuja na mkopo wake, mthamini akafika Aprili viatu vikazama, benki ikakataa. Wakabaki wanunuzi wa fedha taslimu, na wa fedha taslimu anajua ana nguvu. Wa mwisho alitaja 38. Kodi ya jengo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, haikujua lolote kuhusu hayo, kila mwezi inakatwa palepale, nyumba iwe kavu au imejaa vyura.

Nataka niwatendee haki watu wa bondeni, maana wakisoma barua hii watasema dalali anawaharibia. Wengi wao hawakudanganywa na mtu. Wanayajua maji kuliko Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanakaa pale kwa sababu chumba juu barabarani ni laki na pale ni elfu 40, na kutoka pale mtu anakwenda Kariakoo kwa nauli moja au kwa miguu. Wana vitanda vilivyopandishwa kwa matofali manne, televisheni wanajua itahamia kwa nani, watoto wanajua wakimbilie wapi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 hata wiki mbili hazijapita tangu tusherehekee miaka 50 ya Uhuru, familia nyingi zilipelekwa Mabwepande, mbali pembezoni mwa jiji, na kupewa viwanja. Wako waliouza wakarudi. Tuliwacheka vijiweni, lakini mtu mwenye genge Kigogo ukimweka Mabwepande atauza nyanya zake kwa nani?

Kuna mjane mmoja ninayemfahamu, nyumba yake ya bondeni ndiyo urithi, ndiyo pensheni, ndiyo kila kitu. Ikiandikwa popote kwamba ile ni nyumba ya maji, bei inaanguka na yeye anaanguka nayo. Nimelifikiria hilo sana. Jibu langu ni kwamba bei ilishaanguka siku maji yalipoingia. Tunachofanya sisi madalali ni kuihamisha hasara kimyakimya kutoka kwa anayejua kwenda kwa asiyeuliza, na kuchukua cha juu katikati.

Na siku hizi kumezuka jambo la kinyume kabisa. Tangu mradi wa Bonde la Msimbazi uanze, ule ambao Benki ya Dunia ilitoa Dola milioni 200 mwaka 2022, na watu wa kule chini Jangwani na jirani zake kuanza kulipwa fidia, nimepata wateja wanaotafuta nyumba za maji kwa makusudi. “Mzee, hapa fidia itafika?” Mimi nawajibu kwamba sijui ramani, waende manispaa. Wanaondoka wanakwenda kwa dalali anayejua.

Sasa ombi langu. Ukinunua nyumba isiyo na hati huku mitaani, mkataba wa mauziano unaandikwa ofisi ya serikali ya mtaa. Fomu ina majina, mipaka minne, bei, mashahidi, mhuri, na ile asilimia wanayokata ambayo risiti yake hatuioni, ila hilo liwe barua ya siku nyingine. Ongezeni mstari mmoja: maji yameingia mwaka gani, na yamefika wapi ukutani. Muuzaji ajaze na mjumbe asaini, pamoja na majirani wawili walewale wanaosaini mipaka. Hakuna anayehitaji satelaiti kwa kazi hiyo. Mjumbe wetu anakumbuka kila mvua tangu mwanawe wa kwanza azaliwe. Muuzaji akijaza uongo, mnunuzi ana karatasi ya kwenda nayo baraza la ardhi, tofauti na sasa ambapo ana kidole cha dalali kilichoelekezwa kwenye matete.

Wataalamu wataniambia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 tayari inazungumzia ardhi hatarishi. Sawa, ninajua. Lakini sheria ile haiko kwenye meza ya mtendaji siku fedha zinahesabiwa.

Benki na kampuni za bima nazo zina sehemu yao. Mtu anayekatwa bima apewe karatasi moja ya Kiswahili, siyo kitabu, inayosema: umekatiwa hiki, hukukatiwa hiki, jengo lako ni thamani hii na bima yako ni kiasi hiki. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inaweza kulisimamia hilo. Mwaka 2022 Sheria ya Fedha iliongeza masoko ya umma na majengo ya biashara kwenye orodha ya bima za lazima. Ni vizuri, lakini kulazimisha watu kununua kitu wasichokisoma siyo kuwalinda. Na mthamini wa benki, tafadhali, asipeleke ripoti ya nyumba ya bondeni aliyoiona Agosti bila kuuliza hata mtoto wa jirani.

Binti mmoja wakala wa bima, anayekunywa chai pale kwa mama wa mihogo, alinieleza kwamba Uingereza tangu 2016 wana mfuko unaoitwa Flood Re. Kampuni zote za bima za nyumba zinachangia, ili mwenye nyumba ya bondeni naye apate bima kwa bei ya kubebeka. Ila nyumba iliyojengwa kuanzia mwaka 2009 haimo, ili watu wasipate kisingizio cha kuendelea kujenga mtoni. Nilivutiwa na hicho kipande cha mwisho kuliko mfuko wenyewe. Sisi hatujafika kwenye mfuko. Mafuriko yakija, bima yetu ni bakuli la michango, unga, na magodoro yanayogawiwa kamera zikiwepo.

Mimi tangu 2020 nimebadilisha kazi yangu kidogo. Nikimpeleka mteja nyumba ya bondeni namweleza mvua zote ninazozikumbuka. Biashara imeshuka, na wenzangu kijiweni wananiita TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nikifika tu utasikia, “Haya, TMA kaja, tuambie kesho kukoje.” Wenye nyumba wawili wameninyima funguo.

Juni mwaka huu muuguzi yule alinipigia tena. Amepata uhamisho, anataka kuuza, na maji yalimrudia Aprili 2024. Nilifurahi kwamba amenipigia mimi. Nilifika nikamkuta na fundi rangi, tukakaa uani kwenye ndoo. Nikamwambia nitaitangaza, ila nitasema ukweli: 2011, 2018, 2020, 2024, na pale maji yalipofika kila mara. Hatutapata 62, nikasema, lakini tutapata mtu anayejua anachonunua.

Akanitazama kwa muda mrefu.

“Kaka, mimi uliniambia?”

Sikuwa na la kusema. Nilimaliza chai yake nikaaga. Kazi ameichukua dalali mwingine, kijana wa benchi la pili kutoka kwangu, na nasikia kuna mteja anakuja kuiona wiki ya kwanza ya Agosti. Wakati natoka nilipita sebuleni. Fundi alikuwa ameshapaka mkono wa kwanza wa kahawia, na safari hii ilikuwa imepita swichi ya taa.

Dalali, Tabata, Dar es Salaam
(Jina langu unalo, Mhariri. Naomba lisichapwe.)